Taka za soko la mtaa: mboji, funza au bayogesi?

Lori la tani 7 linaloondoka sokoni Buguruni kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi hubeba zaidi ya tani 5 za maji. Hayamo kwenye mapipa. Yamo ndani ya majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka, maganda ya ndizi na matikiti yaliyopasuka, kwa sababu taka za soko la mboga na matunda huwa na maji kati ya asilimia 75 na 85. Mtaa unalipa dizeli, dereva na saa za foleni ili kuyahamisha maji hayo yakamwagikie mahali pengine. Yakifika dampo yanachanganyika na betri na mabaki ya dawa, kisha yanachuruzika chini yakiwa meusi. Taka zenyewe, zikifukiwa bila hewa, hutoa methani, gesi ambayo kilo moja yake hupasha joto anga mara 28 hivi kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi, kwa hesabu ya miaka 100. Mlima wa taka wa Kiteezi, karibu na Kampala, ulioporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, ulikuwa umejengwa kwa taka za aina hii hii: mbichi, zimelowa, zimechanganywa.

Katika miji yetu ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya taka ni za kuoza. Kwa hiyo jiji linalotaka kuwa rafiki wa mazingira linaweza kuanzia sokoni kabla halijafika kwenye mabasi ya umeme. Soko, serikali ya mtaa au kikundi cha usafi kinaweza kuchagua kati ya njia tatu zinazofanya kazi bila mashine kubwa: kutengeneza mboji, kufuga funza wa nzi mweusi ambaye wafugaji humwita BSF, au kujenga mtambo wa bayogesi. Zote tatu ni nzuri kwenye karatasi. Mara nyingi zinakufa kwa sababu mbili: taka zilizoletwa hazikufaa njia iliyochaguliwa, au hakuna aliyekuja kuchukua kilichotoka upande wa pili.

Pima wiki nzima kwanza

Siku saba mfululizo, siku ya mnada na siku tulivu zikiwemo, pima kwa mizani kila guta linalotoka sokoni. Kila siku chukua kilo 100 kutoka sehemu mbalimbali za rundo, mwaga juu ya turubai, gawa kwenye ndoo tano: majani na mboga laini; matunda; vitu vigumu kama mikungu ya ndizi, magunzi, makumbi ya nazi na mashina; mabaki ya chakula kilichopikwa, samaki na nyama; na visivyooza. Pima kila ndoo, andika.

Ndoo ya tano ndiyo ya kuangalia kwanza. Visivyooza vikizidi kilo 10 katika kila 100, usinunue kifaa chochote bado. Nenda kazungumze na wenye meza za biashara, weka mapipa mawili ya rangi tofauti, na mweke mtu mmoja wa kusimama hapo asubuhi. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Juni 2019, Kenya Agosti 2017, lakini vifungashio vyepesi vinavyoonyesha ndani bado vinafika kwenye taka kwa wingi. Kifungashio kimoja kilichokatwakatwa na koleo hugeuka vipande ishirini ambavyo hakuna chekeche litakalovitoa vyote. Kutenganisha baadaye kunagharimu zaidi kuliko kutenganisha mezani kwa muuzaji, na matokeo yake hayafanani.

Tani moja kwa siku, njia tatu

Makadirio haya ni ya tani 1 ya taka safi za kuoza kila siku, kwenye joto la pwani.

| | Mboji | Funza | Bayogesi |
|---|---|---|---|
| Eneo | kama m² 300 | m² 100 za kreti, pamoja na banda la nzi | shimo la m³ 60 za tope, na nafasi ya gesi juu yake |
| Muda | miezi 3 | siku 12, baada ya kulea vifaranga (funza wachanga) siku 5 | taka hukaa siku 40 |
| Kinachotoka kwa siku | kilo 150–250 za mboji | kilo 100–200 za funza hai, na mabaki kilo 200–300 | m³ 40–50 za gesi, na lita 1,400 hivi za tope |
| Wafanyakazi | 3–4 | 5–6 | 2, na fundi wa kuitwa |
| Ukiacha siku tatu | rundo linapoa, unaligeuza | unapoteza kizazi kizima | gesi inapungua tu |

Mstari wa mwisho ni muhimu kuliko unavyoonekana. Kikundi kinachofanya kazi kwa zamu zisizo na uhakika kisiguse funza.

Mboji: inasamehe makosa, lakini hailipi haraka

Taka za soko peke yake hazitengenezi mboji, zinatengeneza uozo. Zina naitrojeni nyingi na maji mengi, hazina nafasi ya hewa. Unahitaji uwiano wa kaboni kwa naitrojeni wa 25 hadi 30 kwa 1, na kwa vitendo hiyo ni ndoo mbili hadi tatu za taka mbichi kwa ndoo moja ya kitu kikavu: vumbi la mbao, maranda, majani makavu yaliyofagiliwa barabarani. Pumba za mpunga zinafaa kuleta hewa, lakini usizihesabu kama chakula cha vijidudu. Zina silika nyingi na zitatoka karibu kama zilivyoingia. Makumbi ya nazi yaliyopasuliwa, yakitandazwa sentimita 20 chini ya rundo, huruhusu hewa kupanda kutoka chini. Ni kitu ambacho pwani tunakitupa bure.

Jenga tuta lenye upana wa mita 2 chini na kimo cha mita 1.5. Likiwa fupi kuliko mita 1 halishiki joto. Likizidi mita 2 linajibana lenyewe na katikati linakosa hewa. Bana konzi ya mchanganyiko: matone mawili yakitoka ni sawa, maji yakitiririka ongeza vikavu, ukifungua mkono na tonge likasambaratika ongeza maji. Baada ya siku tatu katikati inapaswa kufika nyuzi 55 hadi 65. Kama huna kipimajoto, choma nondo hadi katikati, iache dakika 10, ichomoe: ukishindwa kuishika, joto liko sawa. Geuza, la nje liende ndani, kila wiki kwa wiki sita hadi nane, kisha liache likomae mwezi mmoja bila kuguswa.

Pua ndiyo maabara. Harufu kali inayochoma macho ni amonia: ongeza vumbi la mbao, na acha kumwaga majivu humo. Harufu ya mayai viza ina maana hewa imekwisha: geuza leo, usingoje kesho. Nzi wa kawaida wakijaa, funika tuta kwa sentimita 5 za mboji iliyokomaa. Masika ndiyo huua miradi mingi ya mboji, maana tuta lisilo na paa hunywa maji kwa wiki sita, linapoa, na majirani wanaanza kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa. Paa la mabati juu ya matuta machanga si anasa.

Sasa upande wa mauzo. Mboji huwa na naitrojeni kama asilimia 1 hadi 2. Mfuko wa kilo 50 una kilo 0.5 hadi 1 ya naitrojeni, wakati mfuko huo huo wa urea una kilo 23. Kwa hiyo mboji haivumilii nauli ndefu. Mteja wake yuko karibu: vitalu vya miche na maua vya kandokando ya barabara, wakulima wa mchicha na matembele wa bonde la Msimbazi, na wenye viwanja vya mchanga wanaotaka nyasi. Udongo wa kichanga wa Dar es Salaam hauhitaji tu rutuba, unahitaji kitu cha kushika maji, na hapo mboji haina mpinzani. Mnunuzi atairudisha kama ina vipande vya kioo, kwa hiyo chekeche la milimita 10 halitoshi kama kioo kiliingia tangu mwanzo. Ukitaka kuiuza kwenye mifuko yenye lebo kama mbolea, wasiliana mapema na TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea Tanzania. Usajili unataka vipimo vya maabara, na hivyo huchukua muda.

Funza: pesa ya haraka, nidhamu ya jeshi

Nzi huyu, Hermetia illucens, si yule anayetua kwenye chakula. Mkubwa hali, haumi, anaishi kwa mafuta aliyojilimbikizia akiwa funza, na hana haja na meza yako. Hili lielezwe kwa majirani kabla ya kujenga, si baada, kwa sababu neno "funza" peke yake linatosha kuitisha mkutano wa mtaa.

Kipimo kinachofanya kazi ni kreti ya sentimita 60 kwa 40, kina cha 17. Ndani yake weka funza 10,000 wa siku tano, na kilo 15 za taka zilizosagwa hadi vipande vya sentimita 1 au 2, kwa awamu tatu: siku ya 1, ya 5 na ya 8. Siku ya 12 unachekecha. Kwa tani moja kwa siku hiyo ni kreti 67 mpya kila siku, na kreti 800 hivi zikiwa kazini kwa pamoja, zimepangwa juu kwa juu na nafasi ya hewa kati yake.

Watu wengi hushindwa kwenye banda la nzi, na kreti zao ziko sawa kabisa. Ili kupata vifaranga hao kila siku unahitaji kama gramu 25 za mayai kwa siku, ukihesabu kwamba theluthi moja ya wanaototolewa hawafiki siku ya tano. Nzi hujamiiana kwenye mwanga wa jua, hivyo chandarua chao kisiwekwe ndani ya chumba chenye giza. Jike hutaga mara moja maishani, mayai mia kadhaa, kwenye upenyo mwembamba mkavu ulio karibu na kitu kinachonuka. Funga vipande vya mbao pamoja kwa kuacha nafasi ya milimita 1 hadi 2, viweke juu ya beseni la taka zilizochacha, na mayai utayapata humo. Kati ya kila funza 100, rudisha 2 hadi 5 kwenye uzazi. Mwenye kuuza wote kwa sababu mteja amekuja na pesa taslimu atakuwa hana mayai wiki nne baadaye. Sisimizi nao hawachelewi: miguu ya kila meza isimame ndani ya kopo lenye maji au oili chafu.

Maji ndiyo adui wa pili. Funza hupenda unyevu wa asilimia 70 hadi 80. Kabichi na tikiti vina zaidi ya 90. Ukivimwaga moja kwa moja, funza watapanda kuta za kreti kutoroka, na siku ya kuchekecha utakuta uji badala ya mabaki makavu. Acha taka laini zichuje maji usiku kucha kwenye wavu, changanya na pumba za mahindi au machicha ya pombe ya kienyeji. Mboga peke yake pia haina protini ya kutosha. Funza watakua, lakini polepole na wembamba, na utavuna karibu kilo 10 kwa kila 100 za taka badala ya 20. Kinachobadilisha hesabu ni mabaki ya mama lishe, hoteli na utumbo wa samaki. Ndiyo maana mabaki ya hoteli za Nungwi yanafaa funza kuliko taka za soko la ndizi.

Kwa upande wa wateja, funza wana faida kubwa. Funza mkavu ana protini kama asilimia 40, na anashindana na dagaa na soya kwenye chakula cha kuku, sato na kambale. Dagaa wa Ziwa Victoria anayekwenda kwenye banda la kuku ni dagaa aliyeondoka kwenye sahani ya mtu, kwa hiyo hapa faida ya mazingira na ya mezani zinakwenda pamoja. Kilo 100 za funza hai hubaki kilo 30 hadi 35 zikikaushwa. Wachovye kwanza kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu, ndipo uwaanike. Kuwaanika wakiwa hai juu ya saruji kunaacha bakteria na mchanga. Ukiwa na mfugaji wa kuku ndani ya kilomita 10, muuzie wakiwa hai na uokoe kazi yote hiyo.

Mabaki ya kreti si mboji bado, ingawa wengi wanayauza hivyo. Yamejaa amonia na huunguza miche. Yarudishe kwenye tuta angalau wiki mbili hadi nne. Kwa maneno mengine, anayechagua funza amechagua na mboji ndogo pembeni.

Bayogesi: jiko kwanza, shimo baadaye

Hesabu ya gesi inavutia. Tani moja ya taka za soko ina karibu kilo 125 za kitu kinachoweza kugeuka gesi, na hiyo hutoa mita za ujazo 40 hadi 50 kwa siku, sawa na kilo 18 hadi 23 za gesi ya mtungi. Jiko moja la sahani moja hula kama mita za ujazo 0.4 kwa saa. Kwa hiyo unahitaji jikoni la shule ya bweni, hospitali au mstari wa mama lishe wanaopika kila siku, na wawe ndani ya mita 100 hivi, kwa sababu msukumo wa gesi hii ni mdogo na bomba refu jembamba linaumaliza. Soko lisilo na jiko kubwa jirani lisijenge mtambo kwa matumaini kwamba gesi "itawekwa kwenye mitungi". Kuibana gesi hiyo kunataka kuisafisha na kompresa, na huo ni mradi mwingine kabisa.

Ujuzi wa kujenga upo. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, imekuwa ikisambaza muundo wa kuba la tofali tangu miaka ya 1980, na mafundi waliofunzwa kwake wako mikoani. Tatizo ni kwamba kuba hilo lilibuniwa kwa kinyesi cha ng'ombe, ambacho huingia na bakteria wake na hakibadiliki ghafla. Matunda hubadilika. Msimu wa maembe, sukari hugeuka asidi upesi kuliko bakteria wa methani wanavyoweza kuila, pH inashuka chini ya 6.5, na gesi inatoka lakini haiwaki. Ukiona moto unazimika au ni hafifu wa manjano, acha kulisha siku 5 hadi 10, ongeza ndoo kadhaa za kinyesi kibichi cha ng'ombe, kisha rudi kwa nusu ya kiwango. Ukiweza, lisha theluthi moja kinyesi mwaka mzima. Machinjio ni jirani mzuri wa mtambo. Maganda ya machungwa yazuie, mafuta yake huwadhoofisha bakteria.

Mwanzoni jaza mtambo kwa kinyesi na maji, subiri wiki kadhaa hadi gesi iwake, ndipo uongeze taka kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Wasiosubiri huchachua mtambo wao kabla ya kupika chai ya kwanza.

Kisha kuna tope, lita 1,400 kila siku, na mtaa wa Manzese hauna shamba la kulipeleka. Joto la nyuzi 28 ndani ya mtambo haliui vimelea vyote, kwa hiyo tope hilo halifai kumwagwa mferejini wala juu ya mchicha unaoliwa mbichi. Kama huna shamba au bustani inayolihitaji kila siku, au matuta ya mboji makavu ya kulinyonya, umehamisha tatizo kutoka lori kwenda bomba. Usisahau kichujio cha chuma chenye kutu kwenye bomba la gesi, kuzuia ile gesi yenye harufu ya mayai viza isile majiko, na mtego wa maji kwenye sehemu ya chini ya bomba. Kuba likipasuka na kuvuja methani, mtambo unaweza kuudhuru anga kuliko tuta la mboji lililotengenezwa hovyo. Paka maji ya sabuni kwenye viungo kila mwezi, utafute mapovu. Na hakuna mtu anayeingia shimoni kuzibua, hata kama limekaa wazi siku nzima. Watu hufa humo.

Unachagua vipi

Rudi kwenye ndoo zako tano. Ndoo ya vitu vigumu ikiwa kubwa, kama kwenye soko la ndizi, mboji ndiyo itakayoila. Mikungu ikatwekatwe vipande vya sentimita 5, maana nzima hukaa miezi sita bila kuoza. Ndoo ya chakula na samaki ikifika robo, na wafugaji wa kuku wapo, funza watalipa mishahara. Kwa Unguja, ambako sehemu kubwa ya chakula cha kuku huja kwa meli kutoka bara, hesabu inaegemea huko zaidi. Bayogesi ishinde tu pale jiko, kinyesi na mahali pa tope vinapokutana ndani ya uzio mmoja, na mara nyingi huo ni uzio wa shule, wa magereza au wa machinjio, si wa soko.

Kwa soko la kawaida la mtaa lenye mchanganyiko wa kila kitu, anza na mboji, hata kama lengo ni funza. Miezi mitatu ya matuta itaonyesha kama taka zinakuja safi na kama watu wanafika kazini, na makosa yake hurekebishwa kwa koleo. Baada ya hapo ongeza kreti 20 za funza kwa mabaki ya mama lishe pekee, siyo 800. Ikifika Novemba na maembe yakaanza kumiminika, punguza matunda kwenye kreti, yapeleke kwenye matuta na vumbi la mbao mara mbili ya kawaida, na agiza vumbi hilo Oktoba, kabla wenye mabanda ya kuku hawajalimaliza.